Tajiri ni Yule wa Mtaa wa Pili

Alhamisi moja chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kikijadili msamiati wa matabaka. Mwalimu mlezi alijaza ubao: mabwanyenye, wakwasi, walalahai, makabwela, walalahoi, hohehahe. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kitabuni. "Nani hapa ni tajiri?" Hakuna aliyeinua mkono, isipokuwa kijana mmoja mcheshi wa Kidato cha Kwanza. "Nani ni maskini?" Kimya. "Basi nyote ni wa katikati?" Mikono ikainuka kama msitu, na wangu ukiwemo.

Nilirudi nyumbani nikijiuliza, yawezekanaje? Chamani mwetu wamo wanaoletwa shuleni kwa gari la baba, na wamo wanaotembea kwa sababu nauli imekosekana. Wote hawa ni walalahai?

Kwa hakika jambo hili si la shule yetu peke yake. Wachunguzi wa mambo ya jamii wameliona katika nchi nyingi: ukimwambia mtu ajiweke kwenye ngazi ya mapato, mara nyingi hujiweka vidato vya katikati, awe na mali au asiwe nayo. Sababu yenyewe ni nyepesi. Mtu hajipimi kwa takwimu, hujipima kwa jirani.

Chukua sisi wa Kayole. Ploti yetu ina stima na mfereji uani, tena tuna televisheni. Wenzangu kadhaa wa Soweto, hapo chini tu, hununua maji kwa mtungi, kwa hiyo machoni pao sisi tumeomoka. Sisi nasi tukiulizwa matajiri ni akina nani, tunawataja wa Donholm. Nina binamu yangu Donholm, naye atakwambia matajiri wako Lavington. Nadhani hata huko Lavington yuko anayenyoosha kidole kuelekea Muthaiga. Na Muthaiga, kama hujafika, imetenganishwa na Mathare na barabara tu ya Thika!

Sasa tuangalie hesabu. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, linapopima bei za bidhaa hugawanya nyumba za Nairobi mafungu matatu. Katika hesabu iliyofanywa upya mwaka wa 2020, nyumba inayotumia hadi shilingi 46,355 kwa mwezi iliwekwa fungu la chini. Kutoka hapo hadi 184,394 ni fungu la kati, na kuzidi hapo ni la juu. Nilipoyaona hayo nilichukua kalamu nikajumlisha kodi ya nyumba, unga, makaa, stima, nauli na madeni ya dukani. Sikufika hata nusu ya hizo 46,355. Kumbe! Mkono wangu ule wa Alhamisi ulisema uongo, ingawa mimi mwenyewe sikukusudia.

Lakini kuna kioja kingine. Watu hao hao wa katikati huhama haraka wakielekezwa macho kwa wakubwa. Mji wa Nairobi ulianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli, na wakoloni wakaupanga kwa rangi: Wazungu upande wa vilima wenye miti, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa mashariki, Pumwani na baadaye Kaloleni. Enzi hizo hukuulizwa tabaka lako, ngozi ilikujibia. Baada ya uhuru wa 1963 rangi iliondoka mlangoni, fedha ikakaa pale pale. Ndipo watu wakabuni kabila jipya la Wabenzi, wale wa magari ya Mercedes-Benz. Mbunge J.M. Kariuki, aliyeuawa mwaka wa 1975, alionya juu ya Kenya ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Hapo katikati hapakutajwa, na kila aliyesikia alijua yuko upande gani.

Mwaka wa 2022 mchezo ulikuwa huo huo. Kampeni za uchaguzi zilijaa neno hasla, na wilbaro ikawa alama ya chama. Mama mboga alikuwa hasla, mwendesha boda boda hasla, na mwenye gari kubwa la vioo vyeusi naye akasema ni hasla, kwa kuwa alijilinganisha na familia zilizotajirika kabla yake. Binafsi naona neno linalowatosha wote hao halipimi kitu.

Utasema hayo ni maneno tu. Sikiliza. Karo ya masomo katika shule za kutwa hulipwa na serikali tangu mwaka wa 2008, lakini chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Mwaka jana tulipewa fomu za basari. Swali moja lilisema: eleza hali ya familia yako. Mimi niliiacha fomu mkobani hadi tarehe ikapita, maana hiyo ni ya maskini kweli, na sisi ni watu wa kawaida. Mwenzangu mmoja, ambaye babake ana nyumba za kupangisha, alijaza akapata. Nilidhani amedanganya. Kumbe yeye huwatazama ami zake walio na mali zaidi, akajiona wa chini kabisa. Muhula wa pili nilikaa nyumbani wiki mbili kwa deni la chakula.

Mwaka huu fomu zimerudi. Nilimpelekea baba jioni akitoka kazini, mikono bado myeusi kwa kazi ya kuchomelea vyuma. Alilisoma lile swali mara mbili. "Sasa hapa huandikwa nini, mwanangu?" akauliza. "Sisi si ombaomba."

"Tusiandike sisi ni nani, baba," nikamwambia. "Tuandike tunatumia ngapi."

Alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti karibu na taa. "Haya, anza na kodi," akasema. Mama naye akaitikia kutoka jikoni akitaja bei ya unga.