Unauza nyumba? Rangi iwe ya mwisho

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, hutakosa kuona ukuta ulioandikwa kwa brashi na rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Mara nyingi mwenye ukuta huo hana mpango wowote wa kuhama. Kaandika kwa sababu anajua wapo watu wanaoweza kuleta mteja yeye akiwa kazini, wakamwonyesha vyumba, wakapokea malipo ya awali na kutokomea. Au ndani ya ukoo yumo ndugu anayetaka kuiuza nyumba ya urithi kabla wenzake hawajashtuka. Ni soko la ajabu hili, ambalo asiyeuza ndiye anayegharamia tangazo. Kwa anayeuza kweli, maandishi hayo yana somo: mnunuzi anayefika getini kwake amekuja na hofu, na hofu hiyo haifunikwi kwa rangi.

Hata hivyo, mtu akiamua kuuza nyumba, fedha ya kwanza kumtoka huenda kwa fundi rangi. Hufuata gipsam ya sebuleni, taa za darini, pevingi mbele ya geti na kabati jipya la jikoni. Hoja ya makala haya ni kwamba mpangilio huo umepinduliwa. Kinachoifanya nyumba imvutie mnunuzi wa mjini hapa kwetu ni, kwanza, uhakika wa umiliki. Pili, uhakika kuhusu maji: yanayoingia bombani, yanayopita uani wakati wa masika na yanayopanda ukutani. Sura ya nyumba ni ya tatu. Ina kazi yake, lakini haiwezi kufanya kazi ya hizo mbili.

Ushauri wa kuanza na sura una kwao. Huko Marekani, Barb Schwarz, wakala wa nyumba wa eneo la Seattle, anatajwa kuwa mwanzilishi, katika miaka ya 1970, wa kazi ya kuipamba nyumba ili iuzike. Lakini mnunuzi wa Marekani ana bima inayomlinda iwapo umiliki utakuja kuwa na kasoro. Ana mkaguzi wa majengo anayepanda darini kabla ya malipo, na benki ambayo haitoi hata senti hadi hao wote waridhike. Maswali mazito yakishajibiwa na wengine, linalobaki ni la macho. Na hata huko, macho hayana nguvu tunayodhani. Mwaka 2015, Mark Lane, Michael Seiler na Vicky Seiler walichapisha utafiti ambamo wanunuzi walionyeshwa nyumba ileile, huku rangi za kuta na samani zikibadilishwa. Mapambo yaliwafanya waione nyumba kuwa nzuri zaidi ya kuishi, lakini hayakuipandisha bei waliyokuwa tayari kulipa. Ikiwa hali ni hiyo mahali ambapo hofu ya umiliki imeshaondolewa, hapa ambapo bado ipo mapambo hayawezi kuwa na uzito mkubwa zaidi.

Sababu yake ilielezwa vizuri na mchumi George Akerlof mwaka 1970, katika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa hawezi kutofautisha zima na bovu, mnunuzi hutoa bei ya katikati, yenye punguzo la hofu ndani yake. Bei hiyo haimridhishi mwenye gari zima, naye analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu, na hofu inazidi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hiyo ni kweli pale tu uzuri unapoonekana. Ukiwa umefichika, kizuri nacho huuzwa kwa bei ya kibaya. Spence naye alionyesha kwamba ishara ya kuaminika ni ile ambayo mwenye kitu kibovu haimudu kwa urahisi. Kwa kipimo hicho, rangi mpya ni ishara dhaifu mno: tapeli anaimudu, na mwenye ukuta mbovu anaihitaji kuliko mwenye ukuta mzima. Hati iliyopita upekuzi bila doa ndiyo ambayo tapeli hana.

Hapa inafaa kuzitazama ngazi za umiliki. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini, na mwananchi humilikishwa haki ya kuikalia kwa muda, ambao kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo anayenunua nyumba ananunua matofali pamoja na muda uliobaki kwenye hati. Chini ya hati ipo leseni ya makazi, iliyowekwa kwa ajili ya maeneo yasiyopangwa, ambayo muda wake hauzidi miaka mitano kabla ya kuhuishwa. Chini kabisa upo mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na mjumbe na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mkataba huo unathibitisha kwamba watu wawili walikubaliana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Nyumba nyingi sana za Dar es Salaam, mkoa uliokuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, zimesimama kwenye ngazi hiyo ya chini. Kila ngazi ambayo muuzaji anaipanda kabla ya kutangaza hupunguza ile hofu iliyofichwa ndani ya bei.

Na kupanda huko kuna hatua zinazojulikana. Wakili wa mnunuzi ataomba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili ajue jina lililosajiliwa ni la nani, na kama kuna rehani au zuio. Hakuna kinachomzuia muuzaji kuufanya yeye mwenyewe mapema, akayaweka majibu mezani pamoja na risiti za kodi ya pango la ardhi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo ridhaa iliyosainiwa ina thamani kuliko geti jipya. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukubwa wa kaka mkubwa haumpi mamlaka hayo. Kisha kuna hifadhi ya barabara. Mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya, alama ya X ya kubomolewa haikuzibagua zile zenye vigae na madirisha ya aluminiamu. Kuna pia mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda. Muuzaji anayeweza kuonyesha bikoni zake zilipo, na majirani wakazikubali, amemjibu mnunuzi kabla hajaulizwa.

Hati pia huongeza idadi ya wanaoweza kununua. Mikopo ya nyumba bado ni michache nchini, ingawa tangu 2010 ipo Tanzania Mortgage Refinance Company, iliyoundwa kuzipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya aina hiyo. Benki ikitaka dhamana, inataka hati iliyosajiliwa na taarifa ya mthamini. Nyumba isiyo na hati inabaki kwa mwenye taslimu peke yake, naye mwenye taslimu anajua kwamba hana mshindani. Mtanzania aliye Muscat au Minnesota, anayenunua kwa macho ya ndugu aliyemtuma, yuko hivyo hivyo: ukuta hawezi kuugusa, lakini nakala ya hati anaweza kumtumia wakili.

Sasa maji. Mnunuzi mzoefu haji kukagua mwezi wa Agosti. Anakuja Aprili, siku ya pili ya mvua. Jiji lililoshuhudia mafuriko ya Desemba 2011, yaliyowatoa watu bonde la Msimbazi na kuwapeleka Mabwepande, halihitaji kukumbushwa kwamba kiwanja kizuri wakati wa kiangazi kinaweza kuwa bwawa wakati wa masika. Na akishaingia ndani, mtazame anavyokagua. Dari lenye taa analiacha. Anasogeza kochi, anachuchumaa, anapitisha kiganja ukutani kutoka usawa wa sakafu hadi usawa wa goti. Anatafuta unga mweupe, malengelenge ya rangi, na plasta inayolia utupu ikigongwa kwa kifundo cha kidole. Hiyo ndiyo chumvi, ugonjwa wa nyumba za pwani. Hupanda na unyevu wa ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi cha maji, au hutoka kwenye tofali lenyewe, lililofyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi. Ukiipaka rangi ya plastiki, unyevu unakosa pa kutokea, unaisukuma rangi, na malengelenge yanarudi. Dawa yake haina mvuto machoni. Bandua plasta iliyooza, funga gata, chimba mfereji wa kuyatoa maji kwenye msingi, ondoa udongo uliolundikana kando ya ukuta, uache ukuta ukauke, ndipo uite fundi plasta na, wa mwisho kabisa, fundi rangi.

Maji ya bomba na majitaka yana mtihani wao mfupi. Bomba likifunguliwa saa nane mchana linatoa nini? Tangi linajaa lenyewe au kwa pampu? Karo liko ndani ya mpaka, na gari la kunyonya linafika? Bili ya maji na mita ya umeme ya LUKU, ambako tangu 2021 hukatwa pia kodi ya majengo, havina madeni? Majibu ya maswali haya huandikwa kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo inauza kuliko pazia.

Dalali atapinga. Atasema mteja hununua kwa macho: picha isipovutia kwenye WhatsApp, hakuna atakayekuja kuiona hiyo hati. Ni kweli, na ndiyo maana sura haikufutwa kwenye orodha. Nyumba ifagiliwe, mizigo iliyojaa barazani iondolewe, majani yakatwe, vioo vifutwe, balbu zilizoungua zibadilishwe. Kazi hizo ni za siku mbili na gharama yake ni ndogo. Ila tutofautishe kumleta mtu na kumfanya alipe. Picha humfikisha getini. Akishafika anaanza kutafuta sababu ya kushusha bei, na sababu hizo hazipatikani kwenye rangi ya pazia. Dalali mwenyewe ana haraka yake, kwani anasubiri kamisheni na pengine cha juu alichoongeza kwenye bei. Biashara ikivunjika kwa wakili, anahamia nyumba nyingine. Mwenye nyumba anabaki na kuta zake mpya.

Wapo watakaosema kutaja kasoro ni kujipunguzia bei kwa mdomo wako. Wangekuwa sahihi kama kasoro isingegunduliwa. Lakini ufa uliozibwa jana una harufu ya rangi mbichi, na mnunuzi akiukuta mmoja uliofichwa anaanza kuhesabu ile ambayo hajaiona. Hapo hakati tena gharama ya ufa, anakata gharama ya kutokukuamini. Kasoro iliyotajwa mapema, pamoja na makadirio ya fundi ya kuirekebisha, ina ukubwa unaojulikana na inajadiliwa kama kitu kingine chochote chenye bei.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fedha na muda. Anayeuza nyumba mara nyingi ana shida: ada ya shule, matibabu, deni. Upimaji na hati huchukua miezi, na kwenye maeneo ambayo hayajapangwa, hati haipatikani kwa juhudi ya mtu mmoja. Hili halipingiki. Lakini hoja hapa ni ya mpangilio, na mpangilio unamfaa zaidi mwenye kidogo. Kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa hakihitaji milioni. Majirani wanne kukubali mpaka mbele ya mwenyekiti wa mtaa hakuhitaji milioni. Risiti za zamani, mkataba wa awali wa mauziano na leseni ya makazi iliyohuishwa vinahitaji kutafutwa na kufuatiliwa tu. Asiyeweza kufika kwenye hati anaweza kupanda ngazi moja, na fedha ya ngazi hiyo mara nyingi ni ileile ambayo angeitia kwenye gipsam.

Zipo pia nyumba ambazo mnunuzi hazitaki kabisa. Katika mitaa kama ya Kariakoo, anayenunua nyumba ya zamani anawaza ghorofa, na kitakachofuata malipo ni kuibomoa. Kuipaka rangi nyumba hiyo ni kumpambia mtu kifusi. Hapo kinachouzwa ni kiwanja, mipaka yake, muda wa hati na ruhusa ya kujenga juu, na muuzaji asiyejua hilo atatumia fedha kwenye kitu ambacho mteja wake haoni.

Mwisho wa hesabu, muuzaji apime kila matumizi kwa swali hili: nisipouza, itanifaa nini? Wateja huahirisha, bei hubadilika, ndugu hughairi, na nyumba nyingi zilizotangazwa hukaa sokoni muda mrefu. Fedha iliyoingia kwenye rangi ya kuvutia wageni itakuwa imechakaa kabla mteja wa kweli hajafika. Iliyoingia kwenye upekuzi, mipaka, mirathi, gata na mfereji inabaki mikononi mwa mwenye nyumba. Anaweza kukopa kwa hati yake, kuipangisha nyumba kavu, au kuwarithisha wanawe mali isiyo na kesi. Anayeanza na hayo anapata nyumba bora hata asipopata mnunuzi, na mnunuzi akitokea, mwenye nyumba hana haraka ya kukubali bei yoyote atakayotajiwa.