Kumvua Papa na Kumwachilia: Uvuvi wa Kuongozwa Ufuoni mwa Florida na Mtihani wake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Katika lugha ya Kiswahili, papa ni jina lililobeba mizigo mingi. Kwa mpishi wa Lamu au Mombasa, papa ni kitoweo. Hutiwa chumvi, akaanikwa juani, kisha akaungwa kwa nazi na ndimu. Kwa mwandishi wa magazeti nchini Tanzania, papa ni mla rushwa mkubwa, na ndipo yakazuka maneno "mafisadi papa". Kwa mvuvi wa mtumbwi, papa ni riziki na hatari kwa wakati mmoja. Katika maana zote hizi, papa ama ni mlaji ama ni mliwa.

Hata hivyo, ipo pwani ambako papa huvuliwa bila ya kuwa kitoweo. Hupiganiwa usiku kwa jasho jingi, akafikishwa ukingoni mwa maji, akapigwa picha, kisha akarudishwa alikotoka. Naye aliyemvua hulipa fedha kwa ajili ya shughuli hiyo yote. Pwani hiyo ni ya jimbo la Florida, kusini-mashariki mwa Marekani. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi uvuvi huo unavyoendeshwa, kwa nini kumwachilia papa si sawa na kumsalimisha, sheria zilivyojaribu kuziba pengo hilo, na mwisho, mtihani ambao shughuli hii inautahini msamiati wa Kiswahili.

Namna shughuli inavyoendeshwa

Huu ni uvuvi usiohitaji chombo cha kumbeba mvuvi. Mteja husimama mchangani, naye kiongozi aliyemwajiri huleta vifaa vyote pamoja na maarifa ya mahali penyewe. Mara nyingi hukutana jua linapotua, kwa kuwa papa wengi hukaribia nchi kavu gizani kutafuta mawindo, na pia kwa kuwa saa hizo waogeleaji wamekwisha kuondoka.

Kazi ya kwanza ya kiongozi ni kusoma maji. Hutazama kupwa na kujaa, mkondo, na hasa mahali ambapo fungu la mchanga limekatika na kuacha mlango wa maji yenye kina, maana samaki hupitia hapo. Kisha hutayarisha chambo. Aghalabu hutumia mkizi, jodari au kipande cha taa. Methali ya Kiswahili husema kwamba hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi. Florida pia mkizi humfurahisha mvuvi, ila huko ni kwa kuwa yeye ndiye mtego wa kumnasia aliye mkubwa kumliko.

Chambo kizito hakirushwi kwa mkono kikafika mbali. Kwa hiyo kiongozi hupanda kayaki, akapiga kasia kuyapita mawimbi yanayoumuka, akakiangusha mita mia kadhaa kutoka ufuoni. Katika miaka ya karibuni baadhi ya viongozi wametumia ndege ndogo isiyo na rubani kuifanya kazi hiyo. Chubwi lenye vikono vya waya hushika mchanga ili mkondo usikichukue chambo. Karibu na ndoana hufungwa waya wa chuma, kwani meno ya papa hukata mshipi wa kawaida kama wembe ukatavyo uzi. Na baada ya waya hufuata kipande kirefu cha mshipi mnene, kwa sababu ngozi ya papa ni ya mkwaruzo kama msasa na mkia wake huusugua mshipi anapogeuka.

Baada ya hapo ni kungoja. Huenda saa nne au tano zikapita bila ya dalili yoyote. Papa anapokichukua chambo, kikunjio cha mshipi hulia, mteja hufungwa mkanda wa kumsaidia kuuhimili ufito, na mapambano huanza. Papa anapofika maji ya magotini, kazi humrudia kiongozi. Yeye ndiye anayeingia majini, akaushika waya kwa glavu, akautambua mkia kabla haujampiga, akaitoa ndoana au kuikata. Dakika hizo chache ndizo zinazomtenganisha kiongozi hodari na mbabaishaji.

Kuachilia si kusalimisha

Mtazamaji anayemwona papa akipotelea gizani hudhani kwamba mambo yamekwisha salama. Maumbile ya papa yanaeleza vinginevyo.

Kwanza, baadhi ya aina za papa huhitaji kuogelea daima ili maji yenye oksijeni yapite katika matamvua yao. Papa aliyesimamishwa ni papa aliyezibwa pumzi. Pili, mifupa ya papa si mifupa hasa bali ni gegedu. Majini uzito wake huhimiliwa na bahari. Akiburutwa hadi mchangani, uzito huo huo huvielemea viungo vyake vya ndani. Tatu, papa anayepambana kwa muda mrefu hujaza asidi katika damu kutokana na kazi ya misuli, na anaweza kufa saa kadhaa baada ya kuachiliwa, mbali na macho ya aliyemvua.

Aina za papa hazilingani katika ustahimilivu. Papa nesi, ambaye aghalabu hulala chini ya bahari akiyavuta maji kwa kinywa chake, hustahimili sana. Papa nyundo mkubwa ni kinyume chake: hupigana kwa nguvu zake zote, na uchunguzi wa damu yake umeonyesha kwamba huathirika kuliko aina nyingine nyingi. Hapa ndipo penye ukinzani mchungu. Papa huyo ndiye anayetamaniwa mno na wateja kwa ukubwa na umbo lake, na ndiye aliyeorodheshwa mwaka 2019 na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kila majira ya baridi, papa wenye ncha nyeusi za mapezi hukusanyika kwa maelfu kandokando ya fuo za kusini-mashariki mwa Florida, na papa nyundo huwafuata kuwawinda. Kwa hiyo msimu wa neema kwa kiongozi ndio pia msimu ambao papa nyundo huwa karibu zaidi na ndoana.

Sheria ya mwaka 2019

Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Florida ilikwisha kupiga marufuku kuuawa kwa papa nyundo na papa milia katika maji ya jimbo hilo kuanzia Januari 2012. Lakini katazo la kuua halikuwa na nguvu juu ya kifo kinachotokea baada ya kuachilia. Ndiyo maana kanuni mpya zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2019, zikiwalenga hasa wavuvi wa ufuoni.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anayekusudia kumvua papa kutoka ufuoni sharti apate kibali cha kila mwaka. Kibali hicho hakilipiwi, ila hakipatikani mpaka mwombaji ahitimu somo fupi juu ya namna ya kumshughulikia papa. Aidha, ni marufuku kumwaga damu na vipande vya samaki majini ufuoni ili kuwavuta papa. Ndoana ziwe za duara na zisiwe za chuma kisichoshika kutu. Na mvuvi awe na kifaa cha kukatia waya au ndoana upesi. Papa wa aina iliyokatazwa asitolewe majini, matamvua yake yabaki chini ya maji, na aachiliwe mara moja.

Kila sharti lina hoja yake. Ndoana ya duara, papa anapoimeza kisha ikavutwa, huteleza kutoka kooni na kushika pembeni mwa kinywa, hivyo haichomi matumbo. Chuma kinachoshika kutu huliwa na maji ya chumvi, na ndoana iliyobaki kinywani hudhoofika na kuanguka. Kibali nacho humwondolea mvuvi udhuru wa kusema, "Sikujua."

Jambo la kuvutia kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba sheria haikutosheka na kauli ya mvuvi kuhusu nia yake. Inatazama pia vifaa. Anayetumia mkanda wa kupambania samaki, au waya wa chuma unaozidi futi 4, au anayekipeleka chambo kwa kayaki huku ndoana yake ikiwa na upana wa inchi 1.5 au zaidi, huhesabiwa kuwa anamwinda papa hata akidai kuwa anatafuta samaki mwingine. Vifaa vimefanywa shahidi dhidi ya maneno.

Hata hivyo, mjadala haujafungwa. Wapo wanaohoji kwamba maadamu papa nyundo haruhusiwi kuuawa, haifai mtu kutoza wateja kwa ahadi ya kumnasa. Wapo wanaojibu kwamba mvuvi aliyefunzwa ni mlinzi wa bahari. Wanatoa mfano wa mpango wa kuwatia papa alama ulioanzishwa nchini Marekani mwaka 1962, ambao umewategemea wavuvi wa kujitolea kuwapa wanasayansi taarifa za safari za papa. Hoja zote mbili zina uzito. Kinachoamua baina yao ni kile kinachotendeka katika dakika zile chache za maji ya magotini.

Mtihani kwa istilahi

Kiswahili kina hazina kubwa ya msamiati wa uvuvi: mshipi, ndoana, chambo, chubwi, na jarife, yaani wavu mzito unaotumika kuwanasa papa na samaki wengine wakubwa. Hazina hiyo imejengwa juu ya dhana moja, kwamba avuaye hutwaa. Kitenzi "kuvua" humaanisha kutoa kiumbe majini ili kitumiwe. Shughuli ya Florida inadai maana nyingine: kunasa bila ya kutwaa. Kuiita "uvuvi wa kuachilia" kunatosha kwa sasa, mradi msomaji aelewe kwamba neno la pili linalikana la kwanza.

Neno "kiongozi" nalo lina upungufu, kwa kuwa limetawaliwa na siasa. Zamani mwambao ulikuwa na neno "rubani" kwa mjuzi wa maji aliyeingiza jahazi bandarini. Leo rubani ni wa ndege tu. Ni kinaya kwamba ndege ndogo inayopeleka chambo huitwa isiyo na rubani, ilhali aliye mchangani akisoma mkondo ndiye rubani kwa maana asilia. Waundaji wa istilahi wangefanya vyema kuligeukia neno hilo.

Majina ya papa pia yanastahili kuangaliwa. Wenyeji wa pwani walipomwita papa mkubwa mwenye madoa "papa shilingi", hawakutafsiri jina la kigeni. Walimtazama mgongoni wakaona sarafu. Jina la namna hiyo humfanya kiumbe ajulikane, na kinachojulikana ni rahisi kukihurumia.

Hitimisho

Uvuvi wa papa wa kuongozwa ufuoni ni burudani inayosimama juu ya ahadi: kwamba mteja ataondoka na kumbukumbu na papa ataondoka na uhai. Makala haya yameonyesha kwamba ahadi hiyo haitimizwi kwa kufungua mkono tu, bali kwa ndoana ifaayo, muda mfupi wa mapambano, na kiongozi anayejua wakati wa kukata waya hata kabla picha haijapigwa. Pwani ya Kenya haina desturi ya kumrudisha papa, kwani hapa papa ni chakula cha watu. Lakini papa nyundo anayehangaikiwa Florida yumo pia katika Bahari ya Hindi, na biashara yake ya kimataifa imekuwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES tangu orodha yake ilipopanuliwa kwa uamuzi wa mwaka 2013. Siku itakapobidi mvuvi wa Kipini au Vanga aelezwe kwa nini papa mmoja atwaliwe na mwingine aachwe, ataelezwa kwa Kiswahili. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa lugha kuhakikisha kwamba maneno ya kumweleza yapo tayari kabla ya siku hiyo.