Sumu ya Mshale na Moyo Uliojeruhiwa

Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe huchemsha utomvu wa kichaka cha jamii ya Adenium mpaka uwe mzito, kisha huupaka kwenye vyembe vya mishale. Sumu yao nyingine hutokana na mbegu za Strophanthus eminii. Sumu hizi huusimamisha moyo wa mnyama. Je, kitu kiuacho moyo chaweza kuutibu?

Katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi (1858–1864), daktari John Kirk alitambua kwamba mswaki wake uliogusana na sumu ya Strophanthus ulibadili mapigo ya moyo wake. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo na kutoa humo dawa ya moyo.

Siri yake ilifahamika baada ya mwaka 1957, Jens Skou wa Denmark alipogundua pampu iliyomo katika utando wa seli. Pampu hiyo hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Sumu ya mshale huizuia. Sodiamu hujaa ndani, nayo kalsiamu, ambayo hukaza msuli, hushindwa kutoka vyema. Kwa kipimo kidogo, moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Kipimo kikizidi kidogo tu, mapigo huweza kuvurugika na mtu aweza kufa.

Lakini kutia nguvu si kuponya. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, sehemu ya msuli hufa na mahali pake huota kovu lisiloweza kujikaza. Mwili hauwezi kuijaza pengo hilo: katika umri wa miaka 25, seli za msuli wa moyo zinazozaliwa upya ni kiasi cha asilimia 1 tu kwa mwaka, na katika umri wa miaka 75 hazifiki nusu ya hiyo. Dawa hizi huzihimiza seli zilizobaki, na kuziongezea haja ya oksijeni. Mkulima wa Mbulu au Hanang aliyefiwa na ng'ombe mmoja wa jembe ataelewa: kumchapa aliyebaki hakumfufui mwenzake.

Kwa hiyo wataalamu wangali wanatafuta, katika mimea na kwingineko, kitu kitakachoamsha uzazi wa seli za moyo. Wanafunzi wasionje wala wasichemshe mimea hii. Mwenye maumivu ya kifua apelekwe hospitali bila kukawia, kwani msuli uliookolewa mapema hauhitaji kufufuliwa.