Je, Wenye Maduka wa Lamu Wahamie Bandari Mpya?

Katika mji wa Lamu kuna neno moja linalozungumzwa sana barazani na madukani: je, biashara itabaki kisiwani, au itavuka maji kwenda bara, mahali palipojengwa bandari mpya? Neno hili si dogo. Mwenye duka akihama mapema mno, atalipa kodi ya chumba kisicho na wanunuzi. Akichelewa mno, atakuta wengine wamekwisha kuketi mahali pazuri. Basi yafaa jambo hili lipimwe kwa utulivu.

Soko la Lamu si la jana. Ngome iliyomalizwa katika miaka ya 1820 ilijengwa karibu na maji, na uwanja wake ukawa mahali pa kuuzia na kununulia. Baadaye ufuo ulijazwa, mji ukasogea mbele, na njia iitwayo Usita wa Mui ikajaa maduka, mengi yakiwa ya Wahindi waliohamia katika karne ya 19. Njia hiyo ni nyembamba, haipitiki kwa motokaa, na mizigo yake hubebwa na punda na mikokoteni. Mgeni huona hayo kuwa taabu, lakini mwenye duka hayaoni hivyo. Aendaye msikitini, gatini au sokoni hupita kwa miguu mbele ya mlango wake, naye husalimiwa kwa jina. Maduka hayo yameishi muda mrefu kwa sababu watu hupita hapo kila siku kwa shughuli zao nyingine.

Hata hivyo, Lamu imekwisha kuonja hasara ya kuachwa kando. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika ziwa Viktoria mwaka wa 1901. Tangu hapo mali ya bara ilishuka kwa gari la moshi mpaka Mombasa, na majahazi ya Lamu yakabaki na biashara ndogo zaidi. Boriti za mikoko ziliendelea kupelekwa Uarabuni, mpaka Serikali ilipokataza kuzipeleka ng'ambo mwaka wa 1982. Lamu haikushindwa kwa ubaya wa maji yake, bali kwa kukosa njia ya kwenda bara.

Bandari mpya ilikusudiwa kuondoa upungufu huo. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, waliianzisha kazi hiyo. Mpango ulitaja gati 32, reli, bomba la mafuta, barabara kuu, na hata mji mpya wa watalii. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, nazo gati tatu za mwanzo, kila moja ya urefu wa meta 400, zimekwisha kujengwa. Lakini reli haikujengwa, na mwaka wa 2016 Uganda ilichagua kupitisha mafuta yake Tanga. Katika miaka ya kwanza meli zilizofika zilikuwa chache.

Tena yapasa kukumbuka kwamba gati si soko. Kontena hushushwa kwa winchi ikiwa imefungwa, hupakiwa juu ya lori au meli nyingine, ikaenda zake. Haimnunulii mtu unga wala kanga. Anayenunua ni mtu mwenye mshahara au mwenye mavuno, alalaye karibu na duka. Kwa Lamu mtu huyo mara nyingi ni mvuvi. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Hukumu hiyo ilikuwa ya wavuvi, lakini somo lake ni la wenye maduka pia: mvuvi akirudi na dau tupu, na muuza unga hufunga siku bila pesa.

Usalama nao ni sehemu ya biashara. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliua watu zaidi ya 60. Ikafuata amri ya kutotembea usiku, wavuvi wa usiku wakakaa pwani, na watalii wakapungua.

Hata hivyo, haifai kukata tamaa. Barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu imetiwa lami. Malori hufika Mokowe, na makao ya kaunti yako huko huko. Mkulima wa Mpeketoni mwenye mahindi, korosho au simsim hupata njia ya haraka kuliko zamani. Hapo ndipo soko jipya laweza kuota, kwa sababu makarani, wakulima na madereva hukutana kila siku.

Basi mwenye duka mwenye busara asihesabu meli tu. Na aangalie kama wafanya kazi wanahamia na watu wao wa nyumbani, kama maji safi yapo, na kama malori yarudiyo Mombasa hujaza mazao. Kabla ya kununua kiwanja aichunguze hati vizuri: mwezi wa Julai 2014 Serikali ilitangaza kufuta hati za ekari 500,000 za Lamu zilizogawiwa makampuni 22. Anayeweza na aweke kijana wake na kibanda kidogo Mokowe, huku duka la Usita wa Mui likibaki wazi. Kibanda kikishinda, na akipanue. Kikishindwa, hasara yake itakuwa ya kibanda, wala si ya nyumba nzima.