Hofu ya Kuanguka katika Makazi ya Wazee: Nafasi ya Kauli za Wahudumu katika Kujenga Kujiamini

1.0 Utangulizi

Kuanguka kwa wazee aghalabu huchukuliwa kuwa jambo la kawaida la uzeeni. Hata hivyo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (2021), kuanguka husababisha takribani vifo 684,000 kila mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee (2003) inaitambua familia kuwa mhimili wa matunzo, ilhali makazi ya wazee ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo, mkazi wa makazi hayo mara nyingi hana jamaa wa karibu, na mhudumu ndiye anayemshika mkono na kusema naye kila siku. Makala haya yanafafanua jinsi kauli za mhudumu zinavyoweza kuzidisha hofu ya kuanguka au kuipunguza.

2.0 Mzunguko wa Hofu

Murphy na Isaacs (1982) walieleza hali ya wazee ambao, baada ya kuanguka, walishindwa kutembea peke yao na kushikashika kila kilichokuwa karibu nao. Hali hiyo huwa na matokeo ya kimwili. Mzee anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea; misuli ya mapaja hunywea, viungo hukakamaa, na uwezo wa kuhimili uzito wa mwili hupungua. Hatimaye huanguka kwa urahisi zaidi kuliko awali. Mhudumu anayemketisha kutwa nzima ili kumlinda huuharakisha mzunguko uleule anaokusudia kuuzuia.

3.0 Kuipima Hofu kwa Kiswahili

Tinetti na wenzake (1990) walibuni kipimo cha shughuli 10 za nyumbani, ambapo mzee huulizwa ana uhakika kiasi gani kwamba anaweza kutenda kila shughuli bila kuanguka. Mwaka 2005, Yardley na wenzake walichapisha kipimo cha kimataifa chenye vipengele 16, kinachouliza kuhusu wasiwasi badala ya uhakika.

Kuvihamishia vipimo hivyo katika Kiswahili kunaibua masuala matatu. Kwanza, neno *woga* hutaja kasoro ya tabia. Mzee akiulizwa kama ni mwoga, anaweza kukana ili kulinda heshima yake, hasa anapoulizwa na kijana. Neno *wasiwasi* lina staha zaidi, ingawa kwa baadhi ya Waislamu linakumbusha pia uchochezi wa shetani. Pili, swali la *uhakika* linaweza kujibiwa kwa kauli kama "Mungu akipenda". Jibu hilo halioneshi kiwango cha kujiamini. Linaonesha adabu ya msemaji mbele ya jambo lisilojulikana. Tatu, shughuli zinazoulizwa hazina budi kuwa zile za mkazi mwenyewe: kuoga kwa ndoo, kuchuchumaa chooni, kusujudu na kuinuka katika swala, au kuvuka ua wenye matope.

4.0 Kauli na Mazoezi

Kauli ya kawaida katika utunzaji ni "Kaa babu, usije ukaanguka." Muundo wa *usije uka-* hulitaja tukio linaloogopwa na kuliacha likining'inia mbele ya msikilizaji, bila kumweleza la kufanya. Vivyo hivyo, katika "Ngoja nikunyanyue, bibi," mhudumu ndiye mtenda na mzee ni mtendwa. Kauli mbadala humrejeshea mzee utendaji: "Shikamoo bibi. Sogea mbele kidogo kitini, kanyaga vizuri chini, inama mbele, kisha usimame. Mimi nipo ubavuni kwako." Hapa kila kitenzi kinachohusu kuinuka ni cha mzee, na mhudumu anabaki kuwa tegemeo.

Kauli hizo zinapaswa kuambatana na mazoezi mepesi yanayorudiwa kila siku: kusimama kutoka kitini, kusimama kwa mguu mmoja huku mzee ameshika meza imara, na kutembea hatua chache zinazoongezwa taratibu. Aidha, mazingira hayana budi kurekebishwa. Sakafu ya bafu ikaushwe, taa ya njia ya chooni iwake usiku, ndala zilizolegea zibadilishwe, na khanga lisiburuzike. Dawa zinazoleta usingizi au kizunguzungu zipitiwe na mganga.

Tahadhari inahitajika katika kuhawilisha matokeo ya tafiti. Mapitio ya Sherrington na wenzake (2019) yalionesha kuwa mazoezi hupunguza kiwango cha kuanguka kwa asilimia 23 miongoni mwa wazee wanaoishi katika jamii. Kwa wakazi wa makazi ya matunzo, mapitio ya Cameron na wenzake (2018) hayakupata ushahidi wa kutosha kuthibitisha manufaa hayo. Wakazi hao aghalabu ni dhaifu zaidi. Hivyo, zoezi bila uangalizi linaweza kuwa chanzo cha kuanguka.

5.0 Hitimisho

Kinga dhidi ya kuanguka haipaswi kupimwa kwa idadi ya maanguko pekee, kwani mzee asiyeondoka kitini haanguki, lakini pia haendi msalani wala kibarazani kwa hiari yake. Mafunzo ya wahudumu yanapaswa kujumuisha kauli za kumwinua mzee sambamba na mbinu za kumshika. Vilevile, kipimo cha Kiswahili cha kujiamini katika mwendo kinapaswa kujengwa kutokana na mazungumzo na wazee wenyewe, kabla ya tafsiri kukamilishwa.