Desimali ya Tatu katika Ploti ya Kitengela

Ploti ya futi 50 kwa 100 hutangazwa sana Kitengela, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, na wauzaji wengi huiita thumuni ya ekari. Hatimiliki haisemi futi wala ekari, inataja hekta. Mnunuzi anayetaka kulinganisha alichoahidiwa na kilichoandikwa hana budi kukokotoa, na hapo somo la darasani la kukadiria desimali linageuka kuwa suala la ardhi. Kanuni yake ni fupi: chagua nafasi unayotaka kuishia, kisha tazama tarakimu moja tu inayofuata kuliani. Ikiwa ni 5 au zaidi, ongeza moja. Ikiwa ni 4 au chini, acha ilivyo. Hilo wengi wanalikumbuka. Kinachosahaulika ni kwamba kukadiria hufanywa mara moja tu, mwishoni, juu ya jibu kamili.

Futi 50 ni mita 15.24, na futi 100 ni mita 30.48. Zikizidishwa tunapata mita mraba 464.5152, yaani hekta 0.04645152. Hadi nafasi tatu za desimali jibu ni 0.046, kwa kuwa tarakimu ya nne ni 4. Sasa tuseme karani amekwisha kuandika 0.0465, nafasi nne, na mwenzake akaifupisha tena: anaiona 5, anapandisha, anapata 0.047. Kila mmoja amefuata kanuni katika hatua yake, ila ile 5 ilizaliwa na makadirio ya kwanza, haikuwemo katika kipimo. Majibu hayo mawili yanapishana kwa mita mraba 10. Nafasi mbili ni hatari zaidi: ploti hii inakuwa 0.05, na thumuni halisi ya ekari, ambayo ni karibu mita mraba 506, nayo inakuwa 0.05. Tofauti ya mita mraba 41, eneo linalozidi vyumba vinne vya mita tatu kwa tatu, imetoweka kwenye karatasi.

Atakayepinga ana hoja nzito. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 chenyewe kinaichukulia mipaka ya ramani kuwa ya kukadiria, isipokuwa pale ilipopimwa na kuthibitishwa rasmi. Ya nini basi kuhangaikia desimali ya tatu? Lakini shaka ya mpaka inatokana na upimaji wa uwandani, na haimpi mtu ruhusa ya kurundika juu yake kosa la hesabu linaloepukika. Tena kosa dogo hukua pamoja na shamba. Hilo lina uzito Kajiado, kaunti ambako ranchi za vikundi, ya Kitengela ikiwemo, ziligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi, na mengi ya mashamba hayo yakakatwa ploti. Ekari moja ni karibu hekta 0.4047, lakini wapo wanaotumia 0.4 ili kurahisisha kazi. Katika ekari 10, urahisi huo unapoteza takriban mita mraba 469, na ploti nzima ya 50 kwa 100 haifiki 465.