Skrini Pana na Skrini Iliyopinda: Lenzi, Ukumbi na Mtazamaji wa Tanzania

Makala haya yanafafanua kwa nini, kati ya mifumo ya skrini pana iliyobuniwa miaka ya 1950, ule wa lenzi ndio uliofaa zaidi majumba ya sinema ya Tanganyika na Zanzibar.

Mtu aliyesimama mjini Morogoro hawezi kuiona safu yote ya Uluguru bila kugeuza shingo. Fremu ya zamani ya sinema, yenye uwiano wa 1.37 kwa 1, ingeikata safu hiyo pande zote mbili. Cinerama, iliyozinduliwa New York mwaka 1952, ilikusudia kuijaza hata pembe ya jicho: projekta tatu zilirusha picha kwa pamoja kwenye skrini iliyopinda kwa nyuzi 146. Skrini hiyo iliundwa kwa vipande vingi vyembamba vya wima, ili mwanga wa upande mmoja usifikie upande wa pili na kufifiza picha. Ukumbi wa namna hiyo ulidai gharama kubwa.

CinemaScope, iliyoanza na filamu ya The Robe mwaka 1953, ilifuata njia nyepesi. Lenzi iliyotokana na kazi ya Mfaransa Henri Chrétien iliibana picha hadi nusu ya upana wake wakati wa kurekodi; lenzi nyingine kwenye projekta iliitanua tena. Utepe ulibaki wa milimita 35, hivyo projekta iliyokuwapo iliweza kutumika. Bila lenzi hiyo, watu walionekana warefu na wembamba kupita kiasi.

Inazoeleka kusemwa kwamba skrini pana ilizaliwa ili kupambana na televisheni. Hoja hiyo inaifaa Marekani, lakini haitoshi hapa: Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Msukumo ulitoka kwenye filamu zenyewe, za Hollywood na baadaye za Bombay, ambako Guru Dutt alitoa Kaagaz Ke Phool, filamu ya kwanza ya Kihindi ya CinemaScope, mwaka 1959.

Kwetu, basi, televisheni ilikuja kuipunguza skrini pana: kingo za picha mara nyingi zilikatwa ili zitoshe kwenye kioo cha karibu mraba. Mtafiti anayetegemea nakala za video huenda anachambua picha pungufu. Ndiyo maana kumbi kama Majestic ya Zanzibar, iliyojengwa upya mwaka 1955, zinastahili kupimwa kabla kuta zake hazijaanguka.